Nani Anaupa Muziki Jina? Singeli, Sindimba na Sheria ya Waingereza

Msimu wa korosho uliopita nilikuwa Msimbati, kijiji cha wavuvi kwenye Ghuba ya Mnazi, kusini-mashariki mwa mji wa Mtwara. Nilikwenda kwa ajili ya harusi upande wa shemeji zangu. Baada ya sala ya Isha, spika nne zilipangwa juu ya mchanga, kijana mmoja akafungua kompyuta mpakato kwenye meza ya plastiki, na muziki ukaanza kwa kasi ambayo sikio langu lilihitaji dakika kadhaa kuizoea. Ilikuwa singeli. Wasichana waliingia uwanjani na kanga zao kiunoni, vijana wakafuata, watoto wakajipenyeza katikati ya miguu ya wakubwa.

Mzee aliyeketi karibu nami aliinama akaniuliza: "Mwalimu, nyinyi wa chuoni, hii mnaiita ngoma?" Kabla sijajibu, mjukuu wake akadakia: "Babu, hii ndiyo ngoma yenyewe." Mzee alitikisa kichwa akacheka. Mimi nilinyamaza, kwa sababu niligundua kwamba sikuwa na jibu ninaloweza kulitetea.

Wiki chache baadaye mwanafunzi wangu aliniletea uhakiki wa albamu ya singeli ulioandikwa Ulaya. Mhakiki aliusifu muziki huo sana, kisha akawaeleza wasomaji wake kwamba ni binamu wa Kiafrika wa muziki mgumu wa kielektroniki uliovuma Uingereza na Uholanzi miaka ya tisini. Mwanafunzi aliniuliza kama ni kweli. Hili likawa swali la pili kwa muziki uleule: mzee aliuliza kama unastahili jina letu, na mwanafunzi aliuliza kama tukubali jina la wengine. Makala haya ni jibu langu kwa wote wawili, na nitaanzia Uingereza, kwa kuwa huko ndiko swali la kuufafanua muziki wa aina hii lilikofikishwa hadi bungeni.

Mwishoni mwa miaka ya themanini vijana wa Uingereza waliupokea muziki wa mashine kutoka miji ya Marekani ya Chicago na Detroit, muziki ulioundwa na vijana weusi kwa ala za kielektroniki. Kati ya mwaka 1990 na 1993, watayarishaji wa London na mkoa jirani wa Essex waliubadili. Walichukua vipande vifupi vya ngoma kutoka santuri za zamani za Wamarekani weusi, wakaviharakisha, wakaweka chini yake besi nzito waliyoirithi kutoka kwa wahamiaji wa Jamaika na mitambo yao ya spika za mitaani, na juu yake sauti za waimbaji zilizoharakishwa mpaka zikawa kama za watoto. Waliuita muziki huo hadikoo, neno linalobeba maana ya ugumu usiolegezwa. Kundi la The Prodigy, lililotoka Essex na kutoa albamu yake ya kwanza mwaka 1992, ni zao la wakati huo.

Hadikoo ni nini hasa? Jibu jepesi ni kasi. Lakini jibu hilo halidumu. Kufikia katikati ya miaka ya tisini muziki huo ulikuwa umegawanyika. Tawi moja, jango, lilishikilia ngoma zilizokatwakatwa na besi ya Kijamaika. Tawi lingine, lililoitwa hadikoo ya furaha, lilishikilia vinanda vya kuchangamsha na pigo moja lililonyooka. Ng'ambo ya bahari, Rotterdam, kulikuwa na gaba, ambayo pigo lake la chini lilipotoshwa makusudi hadi likawa kama nyundo. Aina hizi zote ziliweza kukutana kwenye mapigo 160 au 170 kwa dakika, na hata hivyo mshabiki wa moja hakukubali kuchanganywa na mshabiki wa nyingine. Kama kasi pekee ingetosha kuufafanua muziki, watu hao wote wangekuwa ukumbi mmoja.

Mwandishi Simon Reynolds alipendekeza njia bora zaidi. Alizitazama hadikoo, jango na aina zilizozifuata kama mkondo mmoja wa historia unaobadili sura lakini unaendelea kupita katika miji ileile, redio zilezile zisizo na leseni, maduka yaleyale ya santuri na watu walewale. Kwake, muziki unatambulika zaidi kwa jamii inayouzalisha kuliko kwa saa ya mapigo. Wapo waliompinga, na hoja zao si za kupuuza, lakini jambo moja ni lake: alituhamisha kutoka kwenye kupima sauti na kutupeleka kwenye kuuliza habari za watu.

Serikali ya Uingereza ilichagua njia nyingine. Mwezi Mei 1992 watu zaidi ya 20,000 walikusanyika kwenye uwanda wa Castlemorton, wakacheza kwa takriban wiki nzima bila kibali. Wakazi walilalamika, magazeti yakapandisha moto, na mwaka 1994 Bunge likapitisha Sheria ya Haki ya Jinai na Utulivu wa Umma. Kifungu cha 63 kiliwapa polisi uwezo wa kutawanya mkusanyiko wa watu 100 au zaidi wanaocheza usiku mahali pa wazi kwa muziki wa spika. Ili kuziba mianya, watunga sheria waliongeza kwamba muziki unajumuisha pia sauti ambazo sifa yake, yote au sehemu kubwa, ni kutoa mfululizo wa mapigo yanayojirudia.

Tafadhali soma tena maneno hayo ya mwisho, ndugu msomaji, kisha uyafikirie ukiwa Msimbati. Mfululizo wa mapigo yanayojirudia! Sindimba ni hiyo. Mdundiko wa Wazaramo ni huo. Ngoma za vinyago vya mapiko ni hizo, na lelemama pia. Ufafanuzi uliotungwa kuwanasa vijana wa mashamba ya Uingereza, ukisomwa neno kwa neno, unaunasa karibu muziki wote wa pwani yetu. Wanamuziki wa kundi la Autechre waliuonyesha udhaifu wake mwaka huohuo wa 1994 kwa kutoa santuri yenye kipande kilichopangwa ili mapigo yake yasijirudie, huku jalada likimshauri mchezeshaji awe na mwanasheria na mtaalamu wa muziki karibu naye. Ilikuwa dhihaka, lakini ndani yake mlikuwa na somo: anayeufafanua muziki kwa nia ya kuuzuia hutazama kelele tu, na kwa hiyo hawezi kutofautisha kelele moja na nyingine.

Tusiwacheke Waingereza peke yao. Jambo hilo walikwisha kulifanya kwetu miaka mingi kabla. Beni, ngoma iliyozaliwa pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuchukua jina lake kutoka bendi za kijeshi za wazungu, ilienea Afrika Mashariki yote pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa na vyeo, sare, gwaride na mashindano. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, ameonyesha jinsi maofisa wa kikoloni walivyoitazama beni kwa wasiwasi, wakidhani huenda ni mtandao wa siri wa kisiasa. Walisikia tarumbeta na kuona hatua za gwaride. Hawakuona vyama vya kuzikana, kusaidiana na kupeana heshima mbele ya watu. Wao pia waliufafanua muziki kwa hofu yao wenyewe.

Sasa turudi kwenye singeli, na tuanze na ukoo wake. Katika vitongoji vya Dar es Salaam vinavyoitwa uswahilini, miaka ya tisini ilitawaliwa na mchiriku: kinanda kidogo cha Casio kilichopitishwa kwenye vipaza sauti chakavu hadi sauti yake ikakwaruza, ngoma zilizotokana na za Wazaramo, na mwimbaji anayesimulia maisha ya mtaani. Jagwa Music ni kundi la mkondo huo, na albamu yao ya Bongo Hotheads ilitolewa Ubelgiji mwaka 2012. Kando ya mchiriku kulikuwa na taarabu ya kisasa, na kulikuwa na vigodoro, sherehe za kukesha mtaani ambazo jina lake limetokana na godoro. Kwenye sherehe hizo waliokuwa na kompyuta walianza kuchukua vipande vya taarabu na mchiriku, wakavizungusha na kuviharakisha. Mghani, ambaye vijana humwita emsii, akasimama na kipaza sauti akimtaja mwenye shughuli, akiwatania waliohudhuria na kusimulia yanayoukabili mtaa.

Kasi ilipanda hadi mapigo 200, na leo hufika hata 300 kwa dakika. Msaga Sumu akaitwa mfalme wa singeli. Mwaka 2016 Man Fongo alivuma nchi nzima kwa wimbo wa Hainaga Ushemeji, na redio ya EFM ya Dar es Salaam ikaupa muziki huo nafasi ambayo redio nyingi ziliunyima. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliobeba kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Hapo ndipo Ulaya iliposikia, na hapo ndipo maneno gaba na hadikoo yalipoanza kutumika kuieleza singeli.

Je, mfano huo ni wa uongo? Si uongo mtupu. Kijana wa Mburahati na kijana wa London walifanya kitendo kinachofanana: kila mmoja alichukua santuri za wakubwa wake na mashine ya bei nafuu iliyokuwa karibu, akaharakisha, akapeleka kazi mahali ambapo watu wanacheza hadi alfajiri. Wote wawili waliitwa wahuni. Kufanana huko kunafaa kuandikwa.

Lakini kufanana si kuzaliwa pamoja. Mburahati haikuihitaji Rotterdam ili ijue kukimbia. Na ukisikiliza kwa makini utagundua tofauti isiyopimwa kwa saa. Gaba hujengwa juu ya pigo moja zito linalogonga kwa usawa. Singeli hujengwa juu ya mapigo mepesi yanayopishana, kama ngoma kadhaa zinazojibizana, na mcheza hodari hafuati kila pigo. Huchagua moja kati ya mawili au manne na kulipeleka kiunoni. Ndiyo maana bibi wa Msimbati aliweza kucheza kwa utulivu kando ya mjukuu wake anayetetemeka mwili mzima: wote walikuwa ndani ya wimbo mmoja, kila mmoja katika mwendo wake. Tena, mghani wa singeli husema na watu kwa majina. Ukimwondoa yeye na mwenye shughuli, unabaki na rekodi nzuri, lakini umepoteza sababu ya rekodi hiyo kuwapo.

Kwa nini mhadhiri asumbuke na haya? Kwa sababu jina likishatolewa huanza kutenda kazi, na pwani ya Mtwara inalijua hilo kuliko mahali pengi.

Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba waliosoma walijua kucheza rumba na chachacha kuliko ngoma za kwao, akatangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Nia ilikuwa njema na ya lazima. Mwaka uliofuata kikaundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa, na miongoni mwa ngoma zilizopata umaarufu kupita nyingine ilikuwa sindimba ya Wamakonde. Kikundi hicho kilikuja kuvunjwa, na mwaka 1981 mafunzo ya sanaa yakapata makao katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa.

Mimi nilijifunza sindimba katika shule ya msingi iliyo mbali sana na Mtwara. Tulipangwa mistari miwili, wavulana na wasichana, tukiwatazama wageni waliokaa kwenye viti. Mwalimu alipiga filimbi, tukaanza. Alipiga tena, tukageuka. Alitupunguzia nyonga kwa sababu mgeni rasmi alikuwa mtu mzima. Baada ya dakika nne tulipigiwa makofi na kurudi darasani. Nilikuwa mtu mzima niliyeoa ndipo nilipoiona sindimba katika vijiji vya kusini, ikihusishwa na furaha ya watoto waliotoka jandoni na unyagoni, imezungukwa na watu pande zote, ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka zimechomekwa ardhini, na hakuna aliyejua itakwisha saa ngapi. Niliona aibu. Nilikuwa nimejidai kuijua ngoma ambayo nilikuwa nimefundishwa picha yake.

Sisemi kwamba taifa lilikosea kuipenda sindimba. Nasema kwamba liliifafanua kwa mwonekano wake, yaani hatua, mavazi na nyonga, likaacha nje kazi yake na wenyewe. Ikawa ya kila mtu, na hapo ilipotoka haikuulizwa neno. Wasomaji wa Mtwara watanielewa nikisema kwamba tuna uzoefu wa jambo la namna hii. Gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Mwaka 2013, mpango wa kuipeleka Dar es Salaam kwa bomba ulipokuwa ukitekelezwa, wananchi waliingia barabarani wakiuliza kusini itabaki na nini. Kulikuwa na vurugu, na watu walipoteza maisha. Bomba lilikamilika mwaka 2015. Silinganishi uhai wa watu na ngoma, lakini swali lililoulizwa lina umbo lilelile: kitu kinapotolewa mahali na kuitwa cha taifa, nani anabaki ametajwa kwenye hesabu?

Singeli sasa imefika kwenye njia panda hiyo. Muziki ulioitwa uhuni unaalikwa kwenye kampeni za uchaguzi na sherehe za kitaifa. Nalifurahia jambo hilo, na linanitia hofu. Hofu yangu ni kwamba ofisi zetu zitaifafanua kama walivyofanya wengine: kwa kasi, kwa kelele, au kwa mwonekano utakaopendeza mbele ya wageni.

Kuna fedha pia katika jambo hili. Kipande cha ngoma kilichotumika kuliko vyote katika hadikoo na jango ni cha sekunde chache tu, kutoka wimbo wa mwaka 1969 wa kundi la Kimarekani The Winstons. Mpigaji wake, Gregory Coleman, alifariki mwaka 2006 bila kulipwa kwa matumizi hayo. Kiongozi wa kundi, Richard Spencer, alipokea mwaka 2015 mchango wa zaidi ya pauni 20,000, uliotokana na hisani ya wapenzi wa muziki na si haki iliyosimamiwa na sheria. Sisi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, ambayo inatambua pia kazi za sanaa za jadi. Lakini wimbo mmoja wa singeli unaweza kuwa na kipande cha taarabu ya kundi fulani, mpangilio wa kijana wa studio, maneno ya mghani na mdundo wa ngoma ya jamii nzima. Tukiifafanua singeli kuwa ni uimbaji wa haraka, mghani peke yake ndiye mwenye kazi, na wengine watatu wanafutika kwa kalamu moja.

Kwa hiyo nitatoa ufafanuzi wangu, nanyi muupinge. Singeli ni muziki wa kukesha mtaani, uliozaliwa katika vitongoji vya Dar es Salaam, unaotengenezwa kwa kompyuta kutokana na vipande vifupi vya taarabu, mchiriku na ngoma za pwani vilivyoharakishwa na kurudiwa, na unaoongozwa na mghani anayesema na waliohudhuria kwa ajili ya shughuli yao. Kasi imo, lakini haikutangulia. Waliotangulia ni mtaa, shughuli na watu. Mtumishi wa umma atakayeandika kibali au katazo, na mwanafunzi atakayeandika tasnifu, namwomba kila mmoja aanze kwa kuuliza nani yumo uwanjani na wamekusanyika kwa jambo gani, kabla hajaanza kuhesabu mapigo.

Na mzee wa Msimbati? Kwa lugha yetu, ngoma ni chombo kinachopigwa, ni mchezo wenyewe, na ni shughuli inayowakusanya watu. Vijana wameongeza maana ya nne: kwao wimbo wowote mzuri ni "ngoma kali". Usiku ule mzee alinieleza kwamba zamani ngoma haikupigwa kabla ya kuoteshwa moto, ngozi ikaze, sauti iwe kali. Ngoma baridi, alisema, haimwiti mtu. Alikuwa amekaa kwenye uwanja uliojaa watu walioitwa, naye mwenyewe alikuwa ameitika. Nilipaswa kumjibu palepale: ndiyo, mzee wangu, hii tunaiita ngoma.